Dereva Mpya wa Lori: Namna ya Kuchagua Kampuni ya Kuanzia Kazi

Leseni ya daraja E unayo, kozi ya magari makubwa umeimaliza chuo cha NIT au VETA, na mkononi una majina mawili matatu ya kampuni uliyopewa na ndugu au na rafiki aliyekutangulia barabarani. Karibu kila dereva mpya huanza na swali moja: wanalipa shilingi ngapi? Ni swali la haki, maana una watu wanaokutegemea. Lakini katika kazi ya kutoa mzigo bandari ya Dar es Salaam na kuupeleka Tunduma, Lubumbashi, Kigali au Bujumbura, kiwango unachotajiwa ofisini ni cha siku njema: gari zima, foleni fupi, mzigo umeshuka kamili. Kampuni hutofautiana zaidi siku gari limekufa Igawa usiku wa manane, au mizani imeonyesha ekseli imezidi, au wakati wa kushusha mifuko kumi haionekani.

Siku hiyo nani analipa? Uliza hilo kwa kila kampuni, kwa kila jambo lililo hapa chini. Ndilo litakaloamua kama mwaka wako wa kwanza utakujenga au utakuacha na madeni.

Hatua ya 1: Chagua njia kabla ya kampuni

Kampuni nyingi zina njia zake. Nyingine zimejikita barabara ya Tanzam, yaani Morogoro, Mikumi, Iringa, Makambako, Mbeya hadi Tunduma, kisha Nakonde na Zambia yote hadi mpaka wa Kasumbalesa na migodi ya Kongo. Huko hupelekwa makontena, mafuta na salfa ya migodini, na mara nyingi gari hurudi na shaba. Nyingine ziko njia ya kati: Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, halafu Rusumo kwa mzigo wa Rwanda, Kabanga kwa Burundi, au Mutukula kwa Uganda. Halafu zipo za ndani ya nchi, zinazobeba saruji, mbolea, nafaka, au makontena ya kutoka bandarini kwenda bandari kavu.

Ushauri wangu kwa anayeanza: tafuta kampuni itakayokupa miezi ya mwanzo ndani ya nchi, Dar hadi Mbeya au Tunduma, kabla ya kukuvusha mpaka. Barabara hiyo peke yake ni shule inayotosha. Chukua Kitonga. Ukitoka Dar na mzigo unaupanda mlima, unajifunza kuchagua gia na subira. Ukirudi na shaba unaushuka, na hapo ndipo utajua kama unaelewa breki ya injini au ulikuwa unabahatisha. Ukifika Mbeya kuna mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi, ambao umekwishaua watu wengi. Kwa njia ya kati kuna Sekenke. Dereva aliyezishuka sehemu hizo na mwalimu pembeni hawi sawa na aliyekabidhiwa ufunguo Jumatatu akaambiwa Ijumaa awe Nakonde.

Kwa Kongo, uliza hasa ni Kongo ya wapi. Lubumbashi, Likasi na Kolwezi ni safari za kila siku kwa magari ya Tanzania, ngumu lakini zinazojulikana. Kivu ni habari nyingine. Septemba 2016 madereva wa Kitanzania walitekwa na waasi Kivu Kusini na baadhi ya malori yakachomwa moto. Kampuni inayokwambia "Kongo" bila kutaja mji inakuficha kitu, au yenyewe haijui mzigo wako unaishia wapi. Yote mawili ni mabaya kwako.

Tanka la mafuta usianze nalo, hata wakikupa posho mara mbili. Mzigo wa majimaji hucheza ndani ya tanki, unasukuma gari kwenye kona na unapofunga breki, na kosa dogo linaua watu wasiokuwemo garini. Tarehe 10 Agosti 2019 tanka lilipinduka Msamvu, Morogoro, watu wakakusanyika kuchota petroli, likalipuka. Waliokufa walizidi 100. Kampuni ya mafuta inayojali kazi yake haitakukabidhi tanka bila uzoefu na mafunzo maalumu. Ikikubali kirahisi, jiulize ni kitu gani kingine inakikubali kirahisi.

Hatua ya 2: Mjue mwajiri ni wa aina gani

Kuna tajiri mwenye magari mawili hadi kumi. Huyu unaongea naye mwenyewe, simu yake unayo, na akikuamini mambo yanakwenda haraka. Udhaifu wake ni kwamba injini moja ikifa, biashara nzima imeyumba na mshahara wako umeyumba nayo. Wengi wao pia hupatana na dereva kwa mdomo tu. Wapo wanaomwachia dereva atafute mwenyewe mzigo wa kurudi. Kwa mzoefu anayewajua madalali wa Lubumbashi na Ndola hiyo ni nafasi. Kwako wewe ni kukaa wiki mbili kwenye yadi ya ugenini, pesa inaisha, mzigo hakuna.

Kuna kampuni kubwa zenye magari mamia, karakana yao, walimu wa udereva, ving'amuzi vya kufuatilia gari, na kanuni nyingi. Posho zao si lazima ziwe juu na kosa dogo linaandikiwa barua. Wewe ni namba ya gari kwao mpaka wakujue. Lakini gari likiharibika fundi anatumwa, na mkataba upo.

Katikati wapo wenye magari ishirini, thelathini, hamsini. Huko ndiko kuna mwajiri bora na mwajiri mbaya kuliko wote, ndiyo maana hatua zinazofuata ni muhimu zaidi kwao. Wengine ni wanachama wa TATOA, chama cha wamiliki wa malori, au TAMSTOA kwa wamiliki wa kati na wadogo. Uanachama hauhakikishi chochote kuhusu mshahara wako, ila unaonyesha kuna mahali wanajulikana.

Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chukua kampuni yenye karakana na mwalimu hata kama posho yake ni ndogo kidogo. Miaka miwili ya jina safi kwenye kampuni ya namna hiyo inafungua milango ambayo posho kubwa ya mwezi wa kwanza haiifungui.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya siku, achana na hesabu ya safari

Hapa ndipo madereva wapya wengi hunaswa. Malipo huja kwa sehemu mbili: mshahara wa mwezi na posho ya safari, ambayo wengine huiita mileji. Kampuni yenye posho nono na mshahara mdogo inavutia masikioni. Sasa fanya hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano tu, weka za kwako.

Kampuni ya kwanza: mshahara 300,000, posho ya kwenda na kurudi Lubumbashi 900,000. Kampuni ya pili: mshahara 550,000, posho 650,000, na posho ya foleni 10,000 kwa siku kuanzia siku ya nne ya kusubiri.

Tuseme safari imechukua siku 35, na 8 kati ya hizo umesubiri Kasumbalesa. Kampuni ya kwanza: mshahara wa siku 35 ni 350,000, ongeza 900,000, jumla 1,250,000, sawa na 35,700 hivi kwa siku. Kampuni ya pili: mshahara wa siku 35 ni karibu 641,700, posho 650,000, siku tano za foleni 50,000, jumla kama 1,341,700, zaidi kidogo ya 38,300 kwa siku. Iliyoonekana ndogo imeipita iliyoonekana kubwa. Na gari likikaa gereji mwezi mzima, wa kwanza anabaki na 300,000, wa pili ana 550,000. Magari hukaa gereji. Mwaka hauishi bila mwezi wa namna hiyo.

Halafu ondoa matumizi. Posho ya safari kwa asili yake ni pesa ya kula, kuoga na kulala njiani. Ukitumia 12,000 kwa siku, siku 35 zimemeza 420,000. Kinachobaki ndicho utakachopeleka nyumbani.

Kwa hiyo uliza ofisini, na uandike majibu:

- Safari ya njia hii kwa wastani huchukua siku ngapi, na kwa mwezi gari linapata safari ngapi?
- Posho hutolewa yote kabla ya kuondoka, au nusu hubaki mpaka urudi?
- Nikikwama mpakani, posho ya foleni inaanza siku ya ngapi?
- Gari likiwa gereji, nalipwa mshahara kamili?
- Pesa ya njia, yaani ushuru wa barabara Zambia, maegesho na malipo ya mpakani, ni fungu lake au inachanganywa na posho yangu?

Hilo la mwisho lina uzito. Kampuni inayokupa fungu moja na kukwambia "utajua mwenyewe" imekuhamishia gharama zake. Ushuru ukipanda, umepanda mfukoni mwako. Pesa ya njia iwe peke yake, irejeshwe kwa risiti, na ikipungua kuwe na mtu wa kumpigia simu ambaye hupokea.

Hatua ya 4: Mafuta

Ugomvi mwingi kati ya dereva na ofisi huanzia kwenye tanki. Kampuni hukupimia lita za safari kwa kiwango chake, na zikipungua unakatwa. Kiwango chenyewe si tatizo, lazima kiwepo. Tatizo ni kiwango kisichofikika.

Dar hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Tuseme 930. Semi iliyojaa ikila lita moja kwa kilomita mbili, inahitaji lita 465. Ofisi ikikupimia 400, imedhani gari litakwenda kilomita 2.3 kwa lita na mzigo huo, pamoja na Kitonga, pamoja na foleni ya mizani na injini inayounguruma bila kwenda popote. Huenda gari jipya likaweza. Gari lenye miaka kumi na nozeli zilizochoka haliwezi, na lita 65 zilizopungua ni deni lako kila safari.

Kwa hiyo uliza: kiwango cha gari limejaa ni kipi, na cha gari tupu ni kipi? Kilipimwaje, kwa gari gani? Foleni inahesabiwa? Kisha waulize madereva wao, siyo ofisi, kama wanarudi na mafuta yakitosha.

Nasisitiza hili kwa sababu linaua. Dereva anayebanwa na lita huanza kuweka gia huru mteremkoni ili aokoe mafuta. Gari la tani 50 likiwa gia huru halina breki ya injini. Linabaki na breki za matairi tu, zinapata moto, zinaacha kushika, na huko chini kuna basi. Kampuni yenye kiwango cha mafuta kisichofikika inakusukuma huko bila kutamka neno. Ukigundua kiwango ni cha namna hiyo, ondoka hata kama kila kitu kingine ni kizuri.

Na wakikuzoesha njiani kwamba pengo hufidiwa kwa kunyonya na kuuza, usianze. Jina la mwizi wa mafuta husafiri kutoka yadi moja hadi nyingine haraka kuliko wewe.

Hatua ya 5: Mizani na upungufu wa mzigo

Tangu Machi 2019 Tanzania inatekeleza Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016. Jumla ya gari na mzigo haitakiwi kuzidi tani 56, lakini wageni wengi huishika namba hiyo moja wakasahau ekseli. Ekseli ya usukani kikomo chake ni tani 8. Ekseli mbili za pamoja zenye matairi manne kila moja ni tani 18, na tatu za pamoja ni tani 24. Jumlisha: semi ya kawaida ya ekseli sita inaishia tani 50, haifiki 56. Tela lenye tairi moja pana kila upande, zile za supa singo, kikomo chake ni kidogo zaidi. Mtu wa ofisini anayekwambia "beba tu, mwisho ni 56" ama hajui ama anategemea wewe ndiye utakayesimamishwa mizani ya Vigwaza.

Uliza kama gari hupimwa kabla ya kutoka Dar, na kama faini ikitokea inalipwa na nani. Jibu la haki linatenganisha mambo. Uliongeza mzigo wako binafsi njiani? Faini yako. Ulipakiwa na ghala ukapewa karatasi? Faini ya kampuni. Kontena limefungwa sili ya forodha na mzigo ndani umekaa nyuma sana? Wewe huruhusiwi hata kulifungua, basi huwezi kubeba lawama yake.

Kuhusu upungufu, uliza dereva husaini nini wakati wa kupakia. Ikiwa unasaini idadi ya mifuko, lazima upewe nafasi ya kuihesabu. Wakikunyima, andika kwenye hati ya mzigo kwamba hukuhesabu, kabla ya saini yako. Kwa kontena, soma namba ya sili, ilinganishe na karatasi, ipige picha ikiwa imefungwa, na uipige tena ukifika. Kampuni inayokukataza kuandika au kupiga picha imekwambia yote unayohitaji kujua.

Hatua ya 6: Nenda yadi, halafu nenda barabarani

Usiishie kwenye ofisi yenye kiyoyozi. Omba kuona yadi, na nenda asubuhi magari yanapotoka. Tazama matairi ya tela kwanza, kwa sababu kampuni inayobana matumizi huanzia hapo, tairi nzuri kwenye kichwa na vipara nyuma. Gari likiwa limezimwa, sikiliza upepo wa breki unaovuja. Angalia kama kila gari lina tairi la akiba, kizima moto, pembetatu, turubai lisilo na matobo na mikanda ya kufungia mzigo. Angalia wanaoingia kutoka safari: dereva akiripoti ubovu, kuna mtu anauandika?

Uliza pia kama gari lina mwenyewe au madereva hubadilishana kila safari. Gari la kubadilishana hakuna anayelitunza, na kila kasoro ya aliyetangulia inakuwa yako.

Kisha ongea na madereva wao mbali na ofisi. Utawapata Chalinze na Mikumi, Ruaha Mbuyuni wakinunua vitunguu, Ilula kwenye nyanya, Makambako, na zaidi ya kote kwenye foleni ya Tunduma, ambako mtu ana muda na hana sababu ya kuficha. Soma jina la kampuni mlangoni, wasalimie kwa heshima, jitambulishe kuwa unatafuta kazi. Wakubwa wa barabara hii hupenda kumfundisha kijana anayeuliza. Usiongee na mmoja. Ongea na watatu wasiojuana, na utingo pia, kwa sababu utingo huona kila kitu na ndiye hulipwa mwisho.

Waulize mambo yaliyokwisha kutokea, usiwaulize maoni. "Kampuni ni nzuri?" haikupi kitu. Uliza: mshahara wa mwezi uliopita uliingia tarehe ngapi? Mara ya mwisho gari lako lilipoharibika ulilala hapo siku ngapi, na chakula alilipa nani? Kuna mwenzenu aliyepata ajali Zambia, alisaidiwaje polisi? Saa nane usiku ukiwa umeegesha, ofisi inapiga simu kuuliza mbona umesimama? Hilo la mwisho linakueleza kama king'amuzi cha gari ni cha kukulinda au cha kukuendesha usingizini.

Bima usiisahau. Uliza kama gari lina bima kubwa, na kama linalotoka nje lina kadi ya njano ya COMESA, inayomlinda mtu mwingine utakayemgonga ukiwa Zambia au Kongo. Bila hiyo, ajali ndogo ugenini inakuweka mahabusu huku ofisi ikitafutana.

Hatua ya 7: Mkataba na sheria

Kwa Tanzania Bara, kazi yako inasimamiwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Dai mkataba wa maandishi. Mwajiri anayesema "sisi hapa ni kama familia" bado anapaswa kuuandika. Usisaini ukiwa umesimama kaunta, uombe ukausome nyumbani, na nakala ibaki kwako.

Tafuta ndani yake: mshahara, tarehe ya malipo, viwango vya posho au waraka unaovitaja, muda wa majaribio, likizo, na namna ya kuachana. Likizo ya mwaka kisheria ni siku 28. Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi ya kuvunja mkataba si chini ya siku 28. Jua pia kwamba katika miezi 6 ya kwanza huna kinga ya sheria dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki, kwa hiyo miezi hiyo uwe mwangalifu mara mbili na karatasi zako.

Kipengele cha makato ndicho cha kusoma polepole. Mikataba mingi ya malori ina sentensi inayosema dereva atalipa hasara yoyote. Kifungu cha 28 cha sheria hiyo kinasema tofauti. Ili ukatwe kwa hasara, hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lako, mwajiri akueleze kwa maandishi chanzo chake, kiasi na jinsi alivyokipiga, upewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara wako. Tairi lililopasuka kwa uchakavu halina kosa lako. Kioo kilichopigwa jiwe na gari lililotangulia, vivyo hivyo. Sema hili kwa adabu wakati wa kusaini na utazame sura ya anayekusikiliza.

NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, unachangia wewe na mwajiri, jumla asilimia 20 ya mshahara, na wewe hukatwi zaidi ya asilimia 10. Baada ya miezi mitatu kahakikishe kwamba inafika, maana wapo wanaokata na hawapeleki. WCF, mfuko wa fidia kwa anayeumia kazini, huchangiwa na mwajiri peke yake. Ukiona imekatwa kwenye mshahara wako, hoji.

Ukidhulumiwa, malalamiko hupelekwa CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi: siku 30 kwa kuachishwa kazi, siku 60 kwa madai mengine. Siku hizo huisha haraka kwa mtu aliyezoea kuambiwa "njoo wiki ijayo".

Hatua ya 8: Yakukimbize mara moja

Kuombwa pesa ili upewe gari, hata ikiitwa ya fomu au ya chai. Kutakiwa kuacha leseni au pasipoti halisi ofisini, nakala inatosha. Kuombwa wadhamini, barua ya serikali ya mtaa na cheti cha tabia njema ni kawaida, usiogope hayo. Kuitwa kesho yake uondoke na mzigo bila kujaribiwa barabarani. Na madereva watatu kuwa wameacha ndani ya mwezi mmoja huku ofisi ikisema wote walikuwa wezi.

Hatua ya 9: Omba kufundishwa, na useme wazi

Kwenye usaili dereva mpya hujifanya anajua kila kitu kwa hofu ya kukataliwa. Fanya kinyume. Sema nimefaulu kozi, lori dogo nimeendesha, semi iliyojaa sijaishusha Kitonga, naomba safari za mwanzo nikae na mzoefu. Kampuni yenye akili itakupenda kwa hilo, kwa sababu gari lake ni mali nyingi. Inayokudharau imekusaidia kuichuja.

Uliza nani atakuwa mwalimu wako, safari ngapi, na kama katika kipindi hicho unalipwa kamili au posho ya kula tu. Malipo madogo wakati wa mafunzo ni jambo la kuvumilika, mradi mwisho wake umeandikwa. Na mzoefu unayekaa naye, mheshimu na msaidie kufunga turubai. Kuna mambo ya Nakonde na Kasumbalesa ambayo hayaandikwi popote, na yeye ndiye anayo.

Kama kampuni ni ya kuvuka mipaka, hakikisha pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano unavyo kabla ya kuitwa. Mara nyingi nafasi humwendea aliye tayari siku gari lilipokosa dereva.

Hatua ya 10: Siku ya kukabidhiwa gari

Usiwashe injini kabla hamjaandikishana. Zunguka gari na mtu wa karakana, piga picha kila mkwaruzo, namba za matairi, betri, jeki, tairi la akiba, kiwango cha mafuta na kilomita zilizosomeka. Wote wawili msaini, na picha ujitumie kwenye barua pepe ili simu ikiibiwa zisipotee.

Kuanzia hapo uwe na daftari. Kila safari iandike: tarehe ya kutoka, lita ulizopewa, pesa ya njia na risiti zake, siku za foleni, ubovu ulioripoti na uliyemripotia. Ofisi ikija na hesabu ya upungufu baada ya miezi minne, daftari ndilo litakaloongea.

Ukitumikia mwaka mmoja au miwili ukataka kwenda pengine, ondoka kwa notisi ya maandishi, rudisha gari yadini siyo kuliegesha Chalinze na kuzima simu, sainisheni makabidhiano kama siku ya kwanza, na dai cheti cha utumishi, ambacho mwajiri anapaswa kukupa kisheria. Kampuni inayofuata itakiomba kabla ya kukuuliza chochote kingine.